Elimu ya watu wazima ianze na walioikosa

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilikutana Musoma na kupitisha azimio ambalo hadi leo linaitwa kwa jina la mji huo. Wengi wanalikumbuka kwa jambo moja: kila mtoto wa Tanzania awe na nafasi shuleni ifikapo 1977. Lilikuwa na jambo la pili, nalo limesahauliwa. Aliyemaliza kidato cha sita asingekwenda chuo kikuu moja kwa moja. Angefanya kazi kwanza, ndipo arudi kusoma. Azimio lilikataa kuifanya elimu kuwa mali ya utotoni na ujanani tu. Sharti hilo liliondolewa baadaye, na nchi ikarudi kwenye mazoea: shule ni ya watoto, aliyepitwa amepitwa.

Sisi tunasema aliyepitwa ana haki ya kurudi. Wilaya za Musoma, Bunda na Butiama zinapaswa kuwa za kwanza kuitekeleza haki hiyo.

Tuangalie ni nani aliyepitwa. Aliyezaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 alifikia umri wa kwenda shule wakati serikali ikiandikisha kila mtoto. Mdogo wake aliyezaliwa miaka kumi na kitu baadaye alikuta uchumi umeyumba, ada na michango vimerudi, na mzazi analazimika kuchagua nani aende shule na nani abaki na ng'ombe. Ada ya shule ya msingi ilifutwa 2001, na ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Sasa sera ya elimu, toleo la 2023, inataka miaka 10 ya elimu ya lazima. Yote haya ni mema, lakini kila jema limewaendea watoto wanaokuja. Mama wa miaka 45 aliyeishia darasa la tatu halijamfikia hata moja.

Wasichana wamepitwa zaidi. Katika mkoa wetu wa Mara ukeketaji bado unatangulia ndoa, na ndoa inafunga daftari. Aliyepata mimba shuleni hakuruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi hadi Novemba 2021.

Gharama ya kupitwa inalipwa kila siku. Nenda kwenye mwalo wowote wa Musoma asubuhi, dagaa wakiwa wameanikwa. Mchuuzi akipokea ujumbe wa malipo, anamkabidhi mtoto simu amsomee. Akienda kwa wakala, anamtajia namba ya siri kwa sauti, watu wakisikia. Bunda mkulima wa pamba anapewa stakabadhi ya kilo zake na kuikunja mfukoni bila kujua kama inalingana na mzani. Kwenye kikundi cha mikopo katibu ni yule yule miaka yote, kwa kuwa ndiye pekee anayeandika. Wenzake wanaweka dole gumba.

Wakati huo huo, nani anapata mafunzo ukubwani? Ni mwenye ajira rasmi. Anaitwa semina, analipiwa kozi, anaruhusiwa kwenda kuongeza shahada. Si kwetu tu. Vipimo vya OECD katika nchi tajiri vinaonyesha vivyo hivyo: mtu mzima mwenye elimu ya juu hushiriki mafunzo zaidi kuliko yule aliyeishia chini. Elimu ya watu wazima ikiachwa ijiendee, humwongezea aliyekwisha pewa. Ndiyo maana tunataka igawiwe kwa makusudi.

Wapo watakaotukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Mtu wa Butiama aliwajibu zamani. Julius Nyerere alianza shule Mwisenge mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, na nafasi ile aliipata akiwa mtoto wa mtemi. Watoto wengi wa rika lake kwao Uzanaki hawakuipata. Mwaka 1964, akizindua mpango wa maendeleo, alieleza kwamba watoto watachukua miaka mingi kabla ya kuugusa uchumi, hivyo watu wazima wafundishwe kwanza. Mwaka 1970 akautangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Na iliwezekana. Mara ilikuwa ndani ya mradi wa kisomo ulioanzishwa kanda ya ziwa mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO, ambako watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, uvuvi na ufugaji. Gazeti la Elimu Haina Mwisho lilichapwa Mwanza ili waliohitimu wasisahau. Kitaifa, wasiojua kusoma na kuandika walishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 9.6 mwaka 1986. Fedha zilipokatika, vitabu vikaisha na walimu wakakosa posho. Sensa ya 2012 ikakuta zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano hajui kusoma na kuandika.

Tunazitaka halmashauri tano za wilaya hizi tatu zifanye mambo manne.

Kwanza, zitenge fungu la kisomo katika mapato ya ndani, na posho ya mwalimu ilipwe kwa wakati. Vijana waliomaliza kidato cha nne na wapo nyumbani ni wengi. Wafunzwe, wapewe kazi hiyo.

Pili, ratiba ifuate kazi za watu. Wavuvi wa dagaa huvua wakati wa giza na kupumzika mbalamwezi ikiwaka. Siku hizo ndizo za darasa lao. Wa pamba wasome baada ya mavuno. Akina mama wasiitwe saa ya kupika.

Tatu, kila kikundi kinachopata mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kipewe darasa la kusoma, kuandika na kutunza hesabu, ili dole gumba liache kuwa sahihi ya mdeni asiyejua alichosaini.

Nne, milango ifunguliwe. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kisangwa, kule Bunda, na chuo kikuu chenye jina la Mwalimu Nyerere pale Butiama visingoje mwenye cheti tu. Madarasa ya shule za msingi yanayofungwa jioni yana madawati na ubao, yatumike.

Maofisa elimu ya watu wazima wapo katika kila halmashauri. Madiwani wawaulize kila robo mwaka: wangapi wameandikishwa, wangapi wamehitimu, wanawake ni wangapi? Na wewe msomaji, mwulize diwani wako swali hilo hilo kabla bajeti ijayo haijapitishwa.