Vidoa Machoni mwa Mwenye Kisukari

Mkulima wa viazi wa Timboroa aliye na ugonjwa wa kisukari huenda akaona vidoa vyeusi vikielea machoni kama mbu, akadhani ni uzee tu. Vidoa vichache vya siku nyingi kwa kawaida havina dhara, na mtu huvizoea. Lakini vikizuka vingi kwa ghafula, au akiona kivuli kama pazia, asingoje kesho, ijapokuwa hasikii maumivu: pengine mishipa myembamba ya jicho inavuja damu. Na aende Eldoret, kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Hata aonaye vizuri yampasa kupimwa macho kila mwaka. Heri kupoteza siku ya shamba kuliko kupoteza jicho.