Makumbusho ya Mgeni

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tabora tulimpa mgeni makumbusho.

Tembe la Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, linaitwa la Livingstone. Halikuwa lake. Alifika humo na Stanley mwezi Februari 1872, akaondoka Agosti. Miezi sita tu, na jina limebaki lake hadi leo. Ukimuuliza mwenyeji kuna nini cha kutazama Tabora, atakupeleka huko, kisha atakuambia zimebaki embe na asali.

Si kweli. Kivutio cha Tabora ni njia yenyewe. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, vijana wa Kinyamwezi walitoka hapa kwenda Bagamoyo kwa miguu, begani frasila mbili za pembe za ndovu, yaani zaidi ya kilo 30. Wengi wao walikwenda kwa ujira. Walijadiliana mshahara na posho, na tajiri akivunja makubaliano waliweka mizigo chini au wakatoroka usiku. Baadhi yao walifuatana na wake zao, nao wakibeba vyungu na chakula.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii katika orodha ya awali ya UNESCO kwa jina la Njia Kuu ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu. Watumwa walipita, na kuwafuta itakuwa dhambi. Lakini tazama jina hilo: bidhaa zimetajwa, na binadamu aliyegeuzwa bidhaa ametajwa. Mpagazi, aliyeitembea njia hiyo kama kazi yake, hayumo.

Hata Kwihara penyewe hadithi kubwa si ya kitanda cha mgeni. Oktoba 1873 Susi, Chuma na wenzao walifika hapo wakiwa wamebeba maiti ya Livingstone. Luteni Cameron, Mwingereza waliyemkuta, aliwashauri wamzike papo hapo. Walikataa, wakaendelea hadi Bagamoyo. Watu waliohesabiwa kuwa watumishi walimkatalia afisa, na neno lao likasimama. Hilo halistahili jina mlangoni?

Wapo watakaosema hatuna fedha. Japani, mji mdogo wa Tsumago ulikuwa kituo cha wasafiri katika njia ya kale ya Nakasendo. Treni ilipopita kwingine, ukadorora. Katika miaka ya 1960 wakazi wenyewe walianza kukarabati nyumba zao, wakakubaliana: hatuuzi, hatupangishi, hatubomoi. Leo watu hutoka mbali kuja kutembea kilomita nane hivi kati ya Tsumago na Magome, wakipita nyumba za wageni, mashamba na misitu. Hawaendi kutazama alikolala mtu mmoja mashuhuri. Wanaenda kutembea njia.

Misafara ya kwetu nayo iliuawa na reli, iliyofika Tabora mwaka 1912. Miembe bado ipo. Kutoka mjini hadi Kwihara mtu anaweza kwenda kwa miguu asubuhi moja. Kinachotakiwa ni alama za njia kwa Kiswahili na Kinyamwezi, vijana wa vijiji vya njiani waongozao wageni na kulipwa, na kibao kipya mlangoni.

Livingstone abaki humo, kama mgeni. Jina la nyumba wapewe wapagazi.