Viewpoint ni yetu sote, barabara mpya isije ikatufungia

Wewe unayeketi kwa keja kila Jumapili ukiangalia picha za watu wakijivinjari Diani na Maasai Mara, halafu unajiambia ati utalii ni wa wenye doo, leo nina neno nawe. Kilomita kama 50 hivi kutoka katikati mwa Nairobi kuna mahali unaweza kusimama ukatazama mojawapo ya mandhari makubwa zaidi duniani bila kulipa hata ndururu getini, kwa sababu geti lenyewe halipo.

Naongea kuhusu Viewpoint, pale ukingoni mwa Bonde la Ufa, kwenye barabara inayotoka Rironi na kuteremka Mai Mahiu. Wengi wetu tumepapita tukielekea Narok au ushago, tukachungulia dirishani kidogo kisha tukarudi kwa simu. Msimamo wangu ni huu: mahali pazuri palipo rahisi kufika ni mali ya umma, sawa na uwanja wa mpira wa mtaa. Na sasa ambapo barabara hiyo inapanuliwa, sisi vijana tuseme wazi kwamba tunataka pabaki, tena pabaki bure.

Kwani kuna nini pale? Ardhi inakatika ghafla mbele yako. Huko chini mashamba yanaonekana kama viraka vya nguo, na malori ya kwenda Uganda yanakuwa madogo kama siafu. Upande wa kulia kuna Longonot, mlima wa volkano wenye urefu wa mita 2,776, mdomo wake ukiwa wazi. Kushoto kuna Suswa. Asubuhi za Julai ukungu hufunika kila kitu, halafu jua likipanda unafunguka polepole. Baridi nayo si mchezo, beba jaketi.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, kwa hivyo sijidai msomi. Lakini hata wewe unakumbuka ule mchoro wa jiografia wa shule ya upili: mistari miwili, mishale ya kuvutana, na kipande cha katikati kimedidimia. Tulikariri, tukapata alama, tukasahau. Ukisimama Viewpoint unaelewa kwamba mchoro ule ulikuwa wa hapa nyumbani, na kwamba wewe umesimama juu ya ule mstari wa pembeni. Mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory alifika sehemu hizi mwaka wa 1893, akaandika kitabu kilichotoka 1896 na kulifanya bonde hili lijulikane kote duniani. Mtu alitoka Ulaya enzi hizo akatembea kwa miguu kuja kulisoma. Wewe unahitaji nauli ya matatu tu.

Hata barabara yenyewe ina stori. Ilijengwa na wafungwa wa vita Waitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Ukiteremka hadi chini utaona kanisa lao dogo sana, la mwaka wa 1942, pembeni mwa lami.

Najua wasee wa hiking watanicheka. Watasema kutazama bonde kutoka kando ya barabara si kusafiri, ati raha ni jasho. Sawa, Longonot upo, lipia tiketi ya mbuga uupande. Lakini si kila mtu ana magoti ya kupanda mlima. Mamangu ameuza mboga Kawangware zaidi ya miaka 20, na bonde alikuwa analiona kwa dirisha la basi pekee, tukienda mazishi. Mwaka jana nilimpeleka Viewpoint siku ya Jumanne, siku ambayo biashara huwa chini. Alisimama akishika ubao wa jukwaa, akaniuliza ule ni mlima gani, na ule mwingine je. Hakuna mlima wa kupanda ambao ungempa siku hiyo. Mtu wa kiti cha magurudumu, mtoto wa chekechea, soja mwenye ofu moja kwa wiki, hao wote wanahitaji uzuri usiohitaji misuli wala gari la kukodi.

Sasa tuje kwa jambo lenyewe. Mwishoni mwa 2025 serikali ilizindua upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, na ile ya Rironi, Mai Mahiu hadi Naivasha imo kwa mradi huo huo. Itakuwa barabara ya kulipia. Sipingi. Anayejua jam ya Desemba pale, malori yakipanda kwa mwendo wa konokono na madereva wakipitana kwenye kona, hawezi kupinga. Swali langu ni moja: barabara ikishakuwa pana na ya kasi, mtu wa matatu atashukia wapi? Na wale wenye vibanda vya ngozi za kondoo, kofia za manyoya na mashuka ya Kimaasai, waliojenga yale majukwaa ya mbao tunayopigia picha, wataenda wapi?

Barabara ya kasi ikijengwa bila kufikiria anayetembea kwa miguu, mandhari yanageuka kuwa ya mwenye gari. Baadaye anakuja mwekezaji, anaweka ua na mkahawa wa kahawa ya mia tano, na wewe unabaki kulionea bonde kwa simu ya mwingine.

Kwa hivyo tudai vitu vya kawaida kabisa: kituo salama cha matatu, mahali pa kuvukia, reli imara ukingoni, vyoo safi, vibanda vya heshima kwa wafanyabiashara walio pale sasa, na kiingilio kisiwepo. Ushiriki wa umma umeandikwa kwenye Kifungu cha 10 cha Katiba, haukuletwa na mimi. Mikutano ikiitishwa Kiambu au Nakuru, enda. Ukishindwa, mwandikie mbunge wako na umtag.

Utaniambia pale kuna chupa za plastiki kila mahali na wauzaji wanakuvuta shati. Ni kweli. Chupa ni zetu, tuzibebe. Na muuzaji ukimwambia "asante, leo sina" kwa heshima, atakuacha, hata atakuonyesha Suswa ni gani. Ukiwa na kitu, nunua hata hindi choma. Jukwaa alilijenga kwa pesa zake.

Halafu nenda, usingoje mbogi yote ipange. Panda matatu ya Mai Mahiu au Narok, na umwambie makanga mapema akushushe Viewpoint. Hakikisha haipiti barabara ya juu ya Kinale. Usivuke ovyo, malori yale breki zake ni za kuombea. Rudi kabla giza, kwa sababu jioni matatu hupita zikiwa zimejaa. Tukienda wengi, hakuna atakayesema kwamba mahali pale hapana mwenyewe.