Goma: Mtoto mchanga hangojei pesa

Katika mitaa ya Ndosho, Mugunga na Majengo, mtoto akishikwa na homa usiku, mama huanza kwa kuhesabu. Anahesabu franga za pikipiki, franga za kupokelewa, franga za dawa. Hesabu ikikataa, anangoja kuche, anaenda famasia ya jirani na kununua vidonge vichache. Siku ya tatu ndipo anafika kwenye kituo cha afya, na huko anaulizwa kwa ukali: "Ulikuwa wapi?"

Swali hilo linamwonea. Mama huyo hakulala. Kilichomchelewesha ni umaskini, ni hofu ya njia za usiku, na mara nyingi ni kutojua ni ishara gani haiwezi kungoja asubuhi. Hili la mwisho linaweza kurekebishwa leo.

Si kila kilio ni ugonjwa. Mtoto anayecheua maziwa kidogo, anayepiga chafya au kupata kwikwi, au anayenyonya titi tupu na kupata choo laini cha manjano mara nyingi kwa siku, ni mzima ikiwa ananyonya vizuri na anaongeza uzito. Kwa hayo, hakuna haja ya kukopa pesa.

Lakini kwa mtoto ambaye hajafikisha miezi miwili, kuna ishara zisizo na mjadala. Amekataa titi. Mwili una moto, au umekuwa baridi hata akifunikwa. Amelegea na haamki vizuri. Ameshikwa na degedege. Kitovu ni chekundu au kinatoa usaha. Viganja na nyayo vimekuwa vya manjano. Kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi. Pumzi zihesabiwe mtoto akiwa ametulia, dakika moja kamili kwa saa ya simu. Zikifika 60 au zaidi, zihesabiwe mara ya pili. Zikibaki hivyo, aende kituoni saa hiyo hiyo. Katika umri huo ugonjwa unaweza kumshinda mtoto kwa saa chache, na dawa iliyokisiwa dukani humpotezea muda alio nao.

Kuna pia kuhara. Goma inakijua kipindupindu, hasa tangu kilipoua maelfu ya wakimbizi mwaka 1994, na familia nyingi bado zinachota maji ya ziwa Kivu. Mtoto anayehara maji, macho yakididimia, utosi ukibonyea au mdomo ukikauka, asibaki nyumbani. Njiani aendelee kunyonya, na apewe maji ya SRO kidogo kidogo kwa kijiko.

Mzigo huu ni mzito zaidi kwa wahamishwa. Kambini, mama kutoka Masisi au Rutshuru alijua hema la matibabu liko wapi, na aliweza kutibiwa bila kulipa. Kambi za kandokando ya mji zilipovunjwa Februari 2025, hema hilo nalo lilipotea. Waliobaki mjini wakihifadhiwa na jamaa huanza kwa kuuliza njia, kisha bei.

Wakubwa wa vituo husema kwamba kituo hakiendeshwi bila pesa, kwamba dawa zinanunuliwa na wauguzi wana familia. Wana haki. Lakini deni linaweza kuzungumzwa mtoto akiisha kupata dawa. Mtoto aliyekufa mlangoni hazungumziwi tena. Mwaka 2023 serikali ilizindua huko Kinshasa mpango wa kujifungua na kutunza watoto wachanga bila malipo. Mtoto wa Goma ni mtoto wa nchi hiyo hiyo. Yeyote anayeshika mji, na yeyote anayetoa msaada, aanze na mlango huo: mtoto wa chini ya miezi miwili apimwe kwanza, malipo yafuate.

Wakati hayo yanangojewa, mtaa una uwezo wake. Vikundi vya akiba vya akina mama vinaweza kutenga franga kidogo kwa ajili ya safari ya mtoto mgonjwa. Jirani mwenye pikipiki anaweza kukubali kulipwa kesho. Na baba asimwambie mama angoje mwisho wa juma. Ishara ikionekana usiku, hesabu ya kwanza iwe ya pumzi za mtoto; franga zitahesabiwa baadaye.