Hadithi za Mlima Wetu Ziandikwe

Wako wanafunzi wenzetu wasemao kwamba hadithi ya Kibo na Mawenzi ni upuuzi wa kizamani, haimfai mtu aliyesoma jiografia. Mimi sikubaliani nao.

Hadithi yenyewe wengi twaijua. Moto wa Mawenzi ulizimika, akaenda kuomba kaa kwa jirani yake Kibo. Akapewa kaa, akapewa na ndizi. Njiani akalizima kusudi, akarudi kuomba tena, kwa maana alizipenda zile ndizi. Mara ya tatu Kibo alikasirika, akashika mchi akampiga. Ndiyo sababu Mawenzi ana mapengo hata leo.

Darasani twafundishwa kwamba Mawenzi, mwenye meta 5,149, ni volkano iliyozimika zamani sana, ikamomonyolewa na mvua na barafu. Kibo, mwenye meta 5,895, amelala tu. Kreta yake ingali ikitoa gesi ya salfa. Sisemi wazee waliyajua mambo ya volkano. Lakini waliutazama mlima, wakauliza swali lile lile la mwalimu: mbona kilele kimoja ni cha mviringo na kingine kimechongoka? Kuuliza ndiko mwanzo wa elimu.

Watu wa kale wa Skandinavia nao walisema dunia ilifanywa kwa mwili wa jitu Ymir: damu yake ikawa bahari, mifupa yake milima, fuvu lake mbingu. Leo hadithi zao zasomwa ulimwenguni kote. Kwa nini? Kwa sababu katika karne ya 13 Snorri Sturluson wa Iceland aliziandika, ingawa yeye alikuwa Mkristo wala hakuyaabudu yale ya kale.

Zetu je? Mmishonari Bruno Gutmann alichapisha kitabu cha hadithi za Wachagga mwaka 1914, lakini kwa Kijerumani. Nyingine zimo vifuani mwa babu na bibi zetu, na mzee akifa huzikwa nazo.

Basi natoa shauri. Likizo hii kila mmoja wetu amwendee mzee wake, aandike hadithi moja kama alivyosimuliwa, pamoja na jina la kijiji. Walimu wetu wazihifadhi katika maktaba. Nanyi wazazi, mkituona tumekaa na babu migombani, msituambie twapoteza wakati. Hilo nalo ni somo, na mwalimu wake hatatungoja siku zote.