Karata za mshikaji wangu, na mlango wa nyuma wa ughaibuni

Ndugu zangu, leo naomba tuziweke siasa pembeni kidogo, tuzungumzie karata. Sisemi karata za wanasiasa, maana hizo kila siku tunaziandika magazetini: fulani kachanga karata zake vizuri, fulani kabakiwa na turufu moja mkononi. Nasema karata hizi hizi za kwenye pakiti, zinazochezwa vijiweni na barazani kuanzia Kariakoo mpaka Zanzibar.

Nina mshikaji wangu niliyesoma naye chuo, yeye ni mchoraji. Mwaka mzima amekaa anachora karata zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka pakiti imetimia. Sasa anataka kuzichapisha na fedha hana. Benki gani itamkopesha kijana asiye na hati ya nyumba ili akachape karata? Kwa hiyo ameamua kuchangisha watu kupitia mtandao wa Kickstarter wa Marekani. Tumebishana wiki nzima, na ubishi wenyewe nimeona niulete hapa kwa sababu haumhusu yeye peke yake. Msimamo wangu ni huu: kuchangisha ni sawa kabisa, tena nitakuwa wa kwanza kutoa. Ila njia anayotaka kuipita siyo.

Kwanza nieleze kwa nini kazi yake inastahili kuchapwa. Hivi umewahi kujiuliza haya majina ya karata tumeyatoa wapi? Shupaza, kopa, pao, uru. Yote ni ya Kireno: espadas ni mapanga, copas ni vikombe, paus ni marungu, ouros ni dhahabu. Hata neno karata lenyewe ni lao. Wareno walitawala pwani yetu karne ya 16 na ya 17, wakafukuzwa, karata zikabaki. Kadi tulizonazo leo zimechorwa moyo, lakini sisi bado tunaita kopa, yaani kikombe. Na zile zenye picha za watu, wazee wa pwani wanaziita wazungu: mfalme ni mzungu wa nne, jeki ni mzungu wa tatu, malkia ni mzungu wa pili. Wengi wanadhani ni mpangilio tu. La hasha! Hizo ni pointi. Katika michezo ya Kireno kama bisca na sueca, mfalme ana pointi nne, jeki tatu, malkia mbili. Yaani tumetunza hesabu ya watu walioondoka miaka zaidi ya mia tatu iliyopita.

Sasa mshikaji wangu amefanya nini? Amerudi kwenye majina. Kopa amechora kikombe cha kahawa, kile kidogo cha barazani. Shupaza amechora jambia. Pao ni rungu. Uru ni sarafu ya Kilwa, kwa kumbukumbu ya mji uliotajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala na kutengeneza sarafu zake wenyewe. Na wale wazungu wa kwenye picha amewapumzisha. Mmoja wa malkia wake ni Siti binti Saad. Nimeziona, na nawaambieni ukweli, zinapendeza.

Turudi kwenye fedha. Kickstarter ilianza mwaka 2009 na utaratibu wake si mgumu. Unatangaza kazi yako, unataja kiasi unachohitaji na siku ya mwisho, isiyozidi siku 60. Watu wanaahidi. Lengo likitimia, kadi zao zinakatwa na wewe unapewa fedha. Lisipotimia hakatwi mtu hata senti. Wenyewe wanachukua asilimia 5, na wasafirishaji wa malipo wanachukua asilimia 3 pamoja na senti 20 kwa kila mchangiaji.

Mtu asiseme huu ni utamaduni wa kigeni. Nani katika nchi hii hajawahi kupewa kadi ya mchango wa harusi? Tuna kamati, tuna mwenyekiti, tuna mhazini, tuna ahadi na tarehe ya mwisho ya kulipa ahadi, na tuna yule mjumbe anayekupigia simu saa mbili usiku kukukumbusha. Majirani zetu wa Kenya wana harambee, na tangu 2012 wana M-Changa ya kuchangishana kwa simu. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa: mchango wa harusi unaisha kwa pilau na muziki, hakuna anayedai kitu kesho yake. Mchango wa karata ni deni. Aliyetoa dola 15 hakutoa sadaka, amenunua pakiti ambayo bado haijazaliwa.

Hapo ndipo wabunifu wengi wapya wanapoteleza. Tuchukue kalamu. Tuseme pakiti inauzwa dola 15, nauli ya posta analipa mnunuzi. Tuseme uchapaji ni dola 4 kwa pakiti, na kiwanda hakikubali chini ya pakiti 1,000. Hapo unadaiwa dola 4,000 kabla hujapumua. Wakijitokeza wanunuzi 300, umepata dola 4,500. Unafurahi. Toa asilimia 5, ni 225. Toa asilimia 3, ni 135. Toa senti 20 mara 300, ni 60. Umebakiwa na 4,080. Lipa kiwanda. Zimebaki dola 80! Hujanunua bahasha, hujalipia sampuli, hujajilipa jasho la mwaka mzima, na wapo walioahidi ambao kadi zao za benki zitagoma.

Utasema, mbona zimebaki pakiti 700? Kweli, na faida yake iko humo. Lakini ziko wapi? Kama zimechapwa China au Kentucky, ambako kiko kiwanda cha karata za Bicycle, karata zinazouzwa tangu 1885, basi kuzileta Dar es Salaam ni nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Kwa hiyo lengo la dola 4,000, analolitaka mshikaji wangu ili "lionekane dogo watu wasiogope", ni mtego anaojitegea mwenyewe. Heri ataje dola 7,000 akose kuliko ataje 4,000 apate. Akikosa amepoteza muda. Akipata pungufu, ana watu 300 wanaomdai na mfuko mtupu.

Na wanaodai hawalali. Mwaka 2012 kampuni moja ya Marekani, Altius Management, ilichangisha dola 25,146 kutoka kwa watu 810 ili kuchapa karata zilizoitwa Asylum. Ziliahidiwa kufika Desemba mwaka huo huo. Hazikufika. Mei 2014 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington, Bob Ferguson, akaipeleka kampuni hiyo na mwenye nayo mahakamani. Wachangiaji wa jimbo lake walikuwa 31 tu. Mwaka 2015 mahakama ikaamuru walipwe dola 668. Ndogo, siyo? Subiri. Juu yake ikaweka faini ya dola 31,000, yaani elfu moja kwa kila mmoja wa hao 31, na gharama za kesi zaidi ya dola 23,000. Jumla karibu dola 55,000, zaidi ya mara mbili ya fedha yote iliyochangishwa. Kwa sababu ya karata!

Sisemi haya kumtisha mtu. Utafiti wa Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, uliotoka 2015, ulikuta miradi iliyopata fedha Kickstarter na kushindwa kutimiza ahadi ni kama asilimia 9. Maana yake walio wengi wanatimiza. Wanaotafuta fedha na kuikosa ndio wengi zaidi: takriban miradi minne tu katika kila kumi ndiyo inayofikia lengo.

Mshikaji wangu akibanwa hapa huchomoa turufu yake: "Mbona Exploding Kittens walipata dola milioni nane?" Ni kweli, Februari 2015 mchezo huo wa karata ulivuna dola 8,782,571 kutoka kwa watu 219,382, na walikuwa wameomba elfu kumi tu. Lakini mmoja wa waanzilishi wake ni Matthew Inman, mchora katuni wa The Oatmeal, ambaye tayari alikuwa na mamilioni ya wasomaji. Hakwenda sokoni kutafuta watu, alikwenda nao. Mgeni asiye na jina hana wa kumwamini ila wale wanaomjua. Ndiyo maana mbunifu mpya anapaswa kutafuta wanunuzi wake mia wa kwanza miezi kadhaa kabla ya kufungua mchango, si siku ya kufungua.

Sasa nifike kwenye ubishi wenyewe. Kickstarter wana orodha ya nchi ambazo mkazi wake anaruhusiwa kuanzisha mradi. Marekani imo, Uingereza imo, Ujerumani, Japani, Mexico, Singapore, zote zimo. Afrika? Mpaka naandika haya, hakuna hata nchi moja. Mtanzania anaruhusiwa kutoa fedha yake kumchangia kijana wa Ohio, lakini haruhusiwi kuomba. Inauma, na nadhani ina haki ya kuuma.

Kwa hiyo mshikaji wangu ametafuta mlango wa nyuma. Ana binamu yake Marekani anayebeba maboksi, kama tunavyosema. Mpango ni binamu afungue mradi kwa jina lake, aseme karata ni zake, fedha iingie benki kwake, halafu aitume nyumbani. Nimemwambia na narudia hapa: hapana.

Kwanza, masharti yao yanataka mradi uwe wa yule anayeufungua. Wakigundua ni kivuli wanausimamisha, na kazi ya mwaka mzima inakwenda na maji. Pili, mamlaka ya kodi ya Marekani haimjui mchoraji wa Mwananyamala. Inamjua mwenye akaunti. Mapato yote yatahesabiwa ni ya binamu, na mambo yakiharibika, atakayeshitakiwa ni binamu, kijana wa watu anayehangaika na kodi ya nyumba. Tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: jina. Pakiti ile ina thamani kwa sababu imechorwa na mtu anayeitamka kopa na kujua ni kikombe. Mkusanyaji wa karata wa Texas ana mamia ya pakiti kabatini, hahitaji nyingine. Atakachonunua ni hadithi na mtu nyuma yake. Ukiliondoa jina lako ili upite mlangoni, umeingia wewe au ameingia mwingine?

Kuna njia mbili zilizonyooka. Ya kwanza, binamu awe mshirika wa kweli. Waandikishane, wagawane kazi na mapato, ukurasa useme wazi nani kachora yuko wapi na nani anasimamia malipo na posta. Hilo halina ubaya, biashara nyingi zimeanzishwa na ndugu wawili walio mabara mawili. Lakini litafanyika kwa maandishi, si kwa "tutaelewana". Tunajua udugu unavyokuwa fedha ikishafika.

Ya pili ni kuanzia nyumbani. Wapo wachapaji wa mtandaoni wanaokubali kuchapa hata pakiti moja, kwa bei ya juu kidogo. Achape chache ziwe sampuli, azipeleke kwenye maduka ya sanaa na hoteli za Zanzibar na Bagamoyo, watalii waone. Achukue oda kwa M-Pesa, kwa majina na risiti. Akifikisha mia, ana fedha kidogo, na ana ushahidi mkononi kwamba akiahidi anatimiza. Kwa mbunifu mpya ushahidi huo ni mtaji.

Najua wapo watakaosema karata ni uhuni, ni kamari, tuzungumzie mambo ya maana. Wanaochezea fedha wapo, siwatetei. Lakini wazee wangapi wamezeeka na karata barazani bila kuweka shilingi chini, wakicheka mpaka kahawa ikapoa? Tena hao ndio waliotutunzia yale majina.

Swali langu la mwisho ni kwetu sisi. Mwaka huu peke yake nimechangia harusi tano, na mbili kati yake simjui bwana harusi wala bibi harusi, nilijua tu mjumbe wa kamati. Sijutii. Lakini mwenzetu akija na kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, kitakachobaki baada ya sherehe, mbona tunamwuliza "utapata faida gani?" na kumwelekeza kwa Wazungu? Tukiweza kukusanya milioni kadhaa kwa usiku mmoja wa ukumbini, hatushindwi kununua pakiti mia za karata kabla hazijachapwa.

Mimi nimeshalipia mbili. Risiti ninayo, imeandikwa jina lake mwenyewe, si la binamu.

Naomba kutoa hoja.