"Ajali Haina Kinga" Si Sera ya Barabara

Kila Disemba ikikaribia, mkubwa mmoja mwenye nyota mabegani husimama mbele ya maikrofoni akatuambia ajali zimepungua kwa asilimia kadhaa "ukilinganisha na mwaka jana wakati kama huu". Redio inarudia, sisi twamalizia chai na mahamri, maisha yaendelea. Mwaka unaofuata, zikiwa zimepanda, maneno hubadilika: madereva wawe waangalifu, haya ni makosa ya kibinadamu. Yaani mwaka wa kupungua una mwenyewe, na mwenyewe ni serikali. Mwaka wa kuongezeka ni wa madereva, wanaboda na Mwenyezi Mungu.

Mimi nimechoka na mchezo huu, na naandika kutoka Chaani ambako trela zapita mbele ya mlango wa mtu.

Haya, tuzitazame hizo nambari. Kwa hesabu ya NTSA, mwaka 2016 Kenya ilipoteza watu 2,965 barabarani. Mwaka 2017 wakawa 2,919. Wamepungua, si ndiyo? Pigeni makofi. Mwaka 2022 walikuwa 4,690. Mwaka 2023 wakawa 4,324, punguzo la karibu asilimia 8, na makofi mengine. Mwaka 2024, mwaka ule ule Rais alipozindua mpango wa kitaifa wa usalama barabarani wa 2024 hadi 2028, wakafa 4,748. Hao ni watu 13 kwa siku, kila siku, Idi na Krismasi ndani yake.

Sasa angalia ujanja. Ukichukua mwaka mmoja mmoja, utapata miaka miwili ya kujisifu. Ukichukua 2017 na 2024 ukaziweka pamoja, vifo vimepanda kwa zaidi ya asilimia 60. Nambari ni zile zile. Kilichobadilika ni mahali msemaji alipochagua kusimama.

Na hizo ni zile zilizoandikwa tu. Shirika la Afya Duniani, WHO, kwenye ripoti yake ya 2018 lilipiga hesabu ya mwaka 2016 likakadiria waliokufa barabarani Kenya ni 13,463, wakati serikali ilikuwa imeripoti 2,965. Mara nne na zaidi! Unaweza kubishana na makadirio ya WHO, ni haki yako, lakini pengo kama hilo halitokani na karani kukosea kujumlisha. Mtu akigongwa Magongo usiku, akabebwa na tuktuk hadi hospitali, akalala wiki mbili kisha akafa, ni nani hurudi kwenye daftari la polisi kubadilisha neno "majeruhi"? Na zile ajali za "tuelewane hapa hapa", ambapo mwanaboda aliyevunjika mguu hupewa pesa ya hospitali na namba ya simu isiyoshikwa, hizo ziko kwenye asilimia gani?

Sasa niteremke nyumbani.

Mji kama Mombasa una shida yake ya hesabu ambayo hatuambiwi. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 1,208,333 kaunti nzima. Sisi si Nairobi. Ukigawanya vifo vya mwaka kwa kaunti, halafu kwa kaunti ndogo, halafu kwa barabara, unabaki na nambari ndogo sana, na nambari ndogo hurukaruka. Tuchukue mfano wa kubuni: barabara moja imeua watu 5 mwaka wa kwanza, 8 mwaka wa pili, 6 mwaka wa tatu. Mkubwa atakuja na tai yake aseme vifo vimepungua kwa asilimia 25. Hajadanganya. Lakini 6 ni zaidi ya 5, na matatu moja ikibingirika mwaka wa nne ikiwa imejaa, ile asilimia yote inakwenda na maji. Kwa mji wa ukubwa wetu kulinganisha mwaka jana na mwaka huu ni sawa na kupima homa kwa kuweka mkono kwenye ukuta. Unatakiwa utazame miaka mitano pamoja, uulize ni wapi hasa, saa ngapi, aliyekufa alikuwa anatembea au amepanda nini.

Na msiniambie hizo habari hazipo. Polisi wakifika kwenye ajali wana fomu yao, P41, na ndani yake mahali pamo, saa imo, chombo kimo, aliyeumia yumo. Mombasa tena iliingia kwenye mradi wa usalama barabarani wa Bloomberg wa miji mbalimbali duniani, na kazi moja ya mradi huo ni takwimu. Kwa hivyo wanaojua wapo. Sisi tunaovuka ndio twapewa asilimia moja ya nchi nzima, ijumlishe Chaani na Turkana.

Nikisema hivi maskani, kuna mzee mmoja hunijibu kwa methali: ajali haina kinga. Mzee wangu, nakuheshimu sana, shikamoo. Lakini methali hiyo ilikuwa ya kumliwaza aliyefiwa. Haikuwa ya kumkinga anayejenga barabara bila njia ya miguu. Na historia yetu wenyewe yaikataa. Februari 2004 John Michuki, waziri wa uchukuzi, alisimamisha matatu nchi nzima: vidhibiti mwendo vya kilomita 80, mikanda kila kiti, abiria waliokaa tu. Watu walitembea kwa miguu siku kadhaa wakitukana. Kisha ajali zikashuka. Zilipanda tena usimamizi ulipolegea, vidhibiti vikachezewa, mikanda ikawa kamba chafu ya kushika kwa vidole viwili ukiona polisi. Kama ajali haina kinga, Michuki alikinga nini?

Tena angalieni Helsinki, mji mkuu wa Finland, mji mdogo kuliko Mombasa. Kufikia Julai 2025 walikuwa wamemaliza miezi 12 bila mtu hata mmoja kufa kwenye ajali ya barabarani. Sufuri. Najua mtasema wazungu, theluji, pesa. Lakini moja ya siri zao kubwa ni kibao tu: zaidi ya nusu ya barabara zao mwisho wa mwendo ni kilomita 30 kwa saa. Sisi sheria yetu ya trafiki inasema 50 ndani ya mji, na hiyo 50 yenyewe twaiona kwenye karatasi. Gari likienda 50 linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto, kabla mguu haujagusa breki, mita 14 zimekwisha. Likienda 30 linakuwa limekula 8. WHO wanasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua yapanda kwa asilimia 4. Tuta la lami mbele ya shule halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Tufike kwenye trela sasa, maana hapa ndipo watu hukasirika.

Changamwe nzima imezungukwa na yadi za kontena, maghala na bohari za mafuta. Bandari iko nyuma yetu. Kituo cha pili cha kontena cha Kipevu kilimaliza awamu ya kwanza 2016 na ya pili 2022. Mwaka 2023 bandari ilipitisha kontena kama milioni 1.62, kwa kipimo cha zile za futi 20. Mwaka 2024 zikavuka milioni 2. Siku hiyo mlisikia ngoma? Nambari hiyo ilitangazwa kila mahali, kila mtu akadai ni kazi yake. Sasa jiulize: hizo kontena laki kadhaa za nyongeza zilitembea juu ya nini? Nyingine zilipanda reli. Nyingine zilipita hapa, kati ya kibanda cha viazi karai na ukuta wa msikiti. Mizigo ikiongezeka ni sera nzuri. Majeruhi wakiongezeka ni dereva alikuwa na usingizi.

Na kabla mtu hajaandika kule chini "huyu ataka malori yaondolewe tufe njaa": la. Mwaka 2019 serikali ilipoamuru kontena zote zipandishwe SGR, Mombasa iliandamana na ilikuwa na haki ya kuandamana. Maghala yalifungwa, makuli walirudi nyumbani, mama wa chakula walikunja majiko. Rais Ruto alipoapishwa Septemba 13, 2022 akasema shughuli za mizigo zirudi bandarini Mombasa, wengi hapa walishukuru. Nami sitaki kazi iondoke. Ninachouliza ni hiki: tuliporudishiwa mizigo, nani alikaa chini akapanga trela zitaegeshwa wapi? Mbona twaziona zimepangwa ukingoni mwa barabara, mkia ukining'inia kwenye lami, bila taa wala kiakisi cha pembetatu, na mwanafunzi anazunguka nyuma yake aingie barabarani kwa sababu njia ya miguu imeliwa?

Huyo mwanafunzi ndiye takwimu yenyewe. Mwaka baada ya mwaka, kundi linaloongoza kwa kufa barabarani Kenya ni watembea kwa miguu, zaidi ya theluthi ya vifo vyote. Hawana leseni ya kunyang'anywa, hawana gari la kukaguliwa, na wala hawakulewa usukani. Hilo neno "makosa ya kibinadamu" kwao lina maana gani? Kosa lao ni kwenda kazini kwa miguu. Dereva wa trela amekaa juu, pua ya lori yamficha mtu mfupi aliye mbele yake kabisa, haoni hata akitaka kuona. Mtoto anayetoka chuoni Magharibi ikiingia, kanzu yake yote, hafiki kwenye kioo. Ukijua hivyo na bado ukamwacha mtoto na trela watumie lami moja, basi mwenye kosa hayuko ndani ya ile lori.

Kontena isiyofungwa kufuli za pembe nayo nani anaikagua? Twaona trela yaingia kwenye mzunguko, sanduku lainama upande, tuktuk zote zakimbia kama kuku. Polisi wapo, mita chache tu, wanashughulika na mwanaboda asiye na kofia.

Kuhusu wanaboda nitasema kidogo, kwa kuwa kila mtu huwasema sana. Ndiyo, wanapita upande usio wao. Ndiyo, abiria watatu na gunia la makaa. Kofia wamezining'iniza kwenye usukani kama pambo. Hayo ni kweli na yanaua. Lakini serikali iliondoa kodi ya pikipiki ndogo 2008, zikamwagika nchi nzima, vijana wasio na ajira wakapata mkate, na miaka yote hiyo barabara zikaendelea kuchorwa kana kwamba pikipiki hazipo. Huwezi kualika watu elfu harusini, upike sufuria moja, halafu ulalamike wageni wanasukumana.

Barabara yetu ya Port Reitz kwenda uwanja wa ndege ilipanuliwa, kilomita 6.4, pesa za wafadhili, viongozi wakakata utepe. Ni nzuri, sikatai, foleni zilipungua. Sehemu ya barabara kuu ya kwenda Mariakani nayo imepanuliwa. Lakini barabara pana bila vivuko ni mto ulioongezwa maji. Waliozoea kuvuka kwa kukimbia leni mbili sasa wakimbia nne, na magari yaliyokuwa yametuama kwenye foleni sasa yanaenda kasi. Kila mradi wa upanuzi ungepimwa kwa swali la mtoto: waliogongwa hapa miaka mitatu kabla ni wangapi, na miaka mitatu baada ni wangapi? Kandarasi ina ukurasa wa saruji, wa kokoto, wa lami. Ukurasa wa watu uko wapi?

Kwa hivyo sitaki tena asilimia ya Disemba. Nataka orodha ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya chifu na kwenye mtandao wa kaunti: barabara, mahali, idadi ya waliokufa na walioumia, mwaka kwa mwaka, kuanzia 2017. Majina ya watu yasiwepo, nambari zatosha. Kando ya kila mahali pawe na jina la mwenye barabara, maana hapa ndipo hutuchezea shere: ukiuliza kaunti, ni ya KeNHA, ukiuliza KeNHA, ni ya KURA, ukiuliza KURA, andika barua. Na mbele ya hapo paandikwe kilichofanywa: tuta, taa, kivuko, ukingo, au "hakuna".

Vikao vya kushirikisha umma kuhusu bajeti huja kila mwaka. Kawaida twaenda kwa ajili ya soda na kuuliza basari. Kikija wadi ya Chaani mwaka huu, nitakaa mbele na daftari langu. Mlio karibu njooni na nambari za mtaa wenu, mlizohesabu wenyewe: kona gani, mwaka gani, watu wangapi. Tuwasomee kwanza sisi, kabla hawajafungua faili lao.